Mwendo Mkali Chini ya Mlima Kenya

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Hata hivyo, tangu binadamu alipojifunza kupanda farasi hajaacha kuuliza swali moja: ni nani aendaye kasi kuliko wenzake? Siku hizi katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu ambao huzipeleka motokaa zao kwenye viwanja vya zamani vya ndege ili zipimwe mwendo. Wengine huleta motokaa za fahari, zilizogharimu mali nyingi. Wengine huleta nakala walizoziunda wenyewe karakanani, ambazo kwa sura ni sawasawa na zile za fahari, lakini ndani yake mna injini ya motokaa ya kawaida. Mwenye motokaa hukanyaga mafuta mpaka mwisho, saa humpima, naye hurudi nyumbani na namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi.

Katika insha hii tuitazame namba hiyo kwa macho ya watu wanaokaa chini ya Mlima Kenya: watu wa Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu. Maana sehemu hizo nazo zimeuona mwendo mkali, juu angani na chini matopeni, na historia yake ina mafunzo kwa kijana asomaye leo.

Kwanza yatupasa kujua mwendo hupimwaje. Kazi yenyewe si ngumu. Hupimwa kilomita moja iliyonyoka, na saa ikawekwa mwanzo na mwisho. Motokaa ikiikata kilomita hiyo kwa sekunde 30, mwendo wake ni kilomita 120 kwa saa. Ikiikata kwa sekunde 15, ni kilomita 240. Wapimaji waangalifu humtaka dereva apite mara mbili, kwenda na kurudi, kisha huchukua wastani wa safari zote mbili, kwa sababu upepo umsukumao mtu akienda ndio huo umzuiao akirudi. Pasipo kufanya hivyo, upepo ushukao mlimani ungeweza kumpa dereva sifa asiyostahili.

Adui mkubwa wa mwendo ni hewa. Tukitembea kwa miguu hatuihisi, lakini kwa motokaa iendayo kasi hewa ni kama ukuta. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa ya kuizuia motokaa huongezeka mara nne, na kazi inayotakiwa kwa injini huongezeka mara nane. Ikiwa motokaa yenye nguvu ya farasi 60 yafikia kilomita 120 kwa saa, basi kuifikisha kilomita 240 kwahitaji takriban nguvu ya farasi 480. Nyeri nayo ina shida yake ya pekee. Mji huo uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Injini, kama mtu, huhitaji pumzi. Ikiipata haba, nguvu zake hupungua. Kwa hiyo fundi wa Nyeri alilazimika kuipima petroli upya katika kabureta ya motokaa iliyotoka pwani, la sivyo ingetoa moshi mweusi na kukohoa njia nzima.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Watu wa Nyeri waliuona mwendo mkali wa angani kabla ya mashindano yoyote ya motokaa kufika kwao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuja huko John Carberry, mtu wa ukoo wa kilodi kutoka Ireland, ambaye mwaka 1914 alikuwa ameshiriki mashindano ya ndege ya Schneider huko Monaco. Alikaa katika shamba lililoitwa Seremai, karibu na Nyeri, akatengeneza humo uwanja wake mwenyewe wa ndege. Eropleni ikatua na kuruka mahali ambapo watu wengi walikuwa bado wakienda sokoni kwa miguu, mizigo mgongoni. Yafaa msomaji ajiulize ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya walowezi kuja, maana historia ya mashine za kasi katika nchi yetu haiwezi kutengwa na historia ya ardhi.

Mwaka 1936 Carberry alikuwa na eropleni mpya ya aina ya Vega Gull, iliyoundwa Uingereza, ambayo ilikuwa miongoni mwa ndege ndogo zilizosifiwa sana kwa mwendo wakati ule. Akamwazima Beryl Markham, mwanamke aliyelelewa Njoro na kujifunza urubani Nairobi. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 Beryl aliruka kutoka uwanja wa Abingdon, Uingereza, peke yake, akaielekea Marekani, upepo ukimpiga usoni na giza likimzunguka. Akasafiri zaidi ya saa 20. Alipokuwa karibu kufika, barafu iliziba tundu la kupitishia hewa katika tangi la mafuta. Petroli ilikuwamo, lakini haikuweza kushuka. Injini ikanyamaza, na ndege ikaangukia bwawa la matope huko Nova Scotia, Kanada. Beryl aliumia kidogo tu, naye akawa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake pasipo kutua kutoka Uingereza mpaka Amerika ya Kaskazini. Lakini New York, alikokusudia kufika, hakufika kwa ndege ile. Angalia basi, ewe msomaji: injini yenye nguvu ya farasi 200 ilishindwa na kijipande cha barafu. Mwenye kutaka mwendo mkali hana budi kuyaogopa mambo madogo.

Miaka 16 baadaye uwanja mwingine wa ndege ulio chini ya mlima huo huo ukaingia katika historia ya dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, karibu na Nyeri, ili awatazame wanyama wakija kunywa maji. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki kwao Uingereza. Habari zikamfikia Elizabeth mchana, alipokuwa amerudi katika nyumba ya Sagana. Jioni ile ile akapelekwa uwanja wa Nanyuki, akapanda ndege mpaka Entebbe, na kutoka huko akarudi London, akiwa sasa ni malkia.

Malkia huyo alitazamiwa kuvikwa taji tarehe 2 Juni 1953. Wapenda motokaa wa Nairobi wakatafuta namna ya kuiadhimisha siku hiyo. Miongoni mwao alikuwapo Eric Cecil. Binamu yake, Neil Vincent, alisema kwamba hana hamu ya kuzunguka-zunguka katika kiwanja kimoja. Lakini wakimpa mashindano yaanzayo mlangoni kwake, yapite nyikani, kisha yamrudishe nyumbani, hapo atashiriki. Neno hilo ndilo lililozaa Safari ya Kutawazwa, iliyoanza tarehe 27 Mei 1953, ikapita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Motokaa ziligawanywa kwa makundi kulingana na bei yake dukani, na mwaka ule hapakuwapo mshindi mmoja wa jumla. Tangu mwanzo, basi, waanzilishi walikataa kuuliza swali la kiwanja cha ndege, yaani, ni nani mwenye mwendo mkubwa kuliko wote. Waliuliza swali jingine: ni nani atakayefika?

Lakini hatuwezi kuusifu mwaka 1953 katika Nyeri pasipo kusema jambo jingine. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wakidai ardhi na uhuru. Wakati magari ya sherehe yakikimbia kutoka nchi hadi nchi, Mkikuyu wa Nyeri hakuweza kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Usiku alikatazwa kutembea. Tangu mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja waliondolewa makwao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miba. Huko Mweiga, kaskazini ya Nyeri, uwanja mdogo wa ndege ukawa kituo cha eropleni za kijeshi zilizokwenda kutupa mabomu msituni. Hata Treetops, palipolala malkia, paliteketezwa kwa moto na wapiganaji mwezi wa Mei 1954.

Hapo twaona kwamba mwendo si jambo la mashine tu. Mwendo ni uhuru pia. Mtu mmoja aliruhusiwa kuvuka nchi tatu kwa mchezo, na mwingine hakuruhusiwa kuvuka mto kwenda kumzika ndugu yake. Kiongozi wa wapiganaji, Dedan Kimathi, alikamatwa kando ya msitu wa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Yeye hakuwa na motokaa. Walakini safari aliyoianza pamoja na wenzake ilifika mwisho wake tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru.

Tuyarudie mashindano. Mwaka 1960 jina lilibadilishwa, yakaitwa Safari ya Afrika ya Mashariki. Yalifanywa wakati wa Pasaka, ambapo aghalabu mvua za masika huwa zimeanza, na katika miaka mbalimbali njia yake iliuzunguka Mlima Kenya. Yeyote azijuaye barabara za zamani za huko ataelewa shida yake. Udongo mwekundu wa Nyeri na Embu ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Udongo mweusi wa tambarare hushika magurudumu kama gundi. Barabara hupanda na kushuka mabonde ya mito mingi itokayo mlimani, na penye daraja pana kona, na baada ya kona pana ng'ombe.

Katika mashindano hayo dereva hakupimwa kwa kilomita moja iliyonyoka. Njia iligawanywa vipande, na kila kipande kiliwekewa muda wake. Aliyechelewa kufika kituoni aliandikiwa alama za makosa kwa kila dakika, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Tufanye hesabu ndogo. Kipande kina urefu wa kilomita 120. Motokaa ya kwanza yakimbia kilomita 120 kwa saa, lakini yazama matopeni muda wa saa moja. Hiyo itatumia saa mbili, na wastani wake ni kilomita 60 tu. Motokaa ya pili yaenda kilomita 75 kwa saa, wala haisimami mahali. Hiyo itafika kwa saa moja na dakika 36. Ile ya polepole imeishinda ile ya kasi kwa dakika 24! Katika kiwanja cha ndege matokeo yangekuwa kinyume kabisa.

Wala hayo si mambo ya karatasini tu. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, na 7 tu zikamaliza. Mwaka 1968 ziliondoka 93, na tena zikamaliza 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya pamoja na mwenzake Paddy Cliff, kwa motokaa ya Peugeot 404, ambayo watu wengi waliijua kama motokaa ya kazi na ya familia. Madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja mwaka baada ya mwaka na motokaa zilizotengenezwa na viwanda vikubwa, wakarudi mikono mitupu. Ilikuwa mpaka mwaka 1972 ndipo dereva kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Finland, alipoishinda Safari kwa mara ya kwanza.

Katika wote walioshiriki, mtu mmoja yampasa kila kijana amjue. Naye ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi wa motokaa kabla ya kuwa dereva wa mashindano, na mikono yake iliifahamu spana kuliko usukani. Mwaka 1965 alishiriki pamoja na ndugu yake Jaswant. Hawakuwa na motokaa mpya. Walikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano, ya aina ambayo umbo lake lilikuwa limeanza kuonekana la kizee. Fundi mwenye busara hajali sura. Walitangulia kuondoka, wakatangulia kurudi, wakawa washindi. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Lakini sifa yake kubwa kuliko zote ni hii: katika Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Wengine walikuwa na kasi kumshinda, ila yeye alijua wakati wa kukanyaga mafuta na wakati wa kuacha. Aliisikiliza injini kama mganga amsikilizavyo mgonjwa.

Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya aliishinda, na Patrick Njiru, naye Mkenya, akawa wa nne, mbele ya madereva wengi wenye majina makubwa. Wazee na watoto waliokuwa wamesimama kando ya barabara miaka mingi, wakipangusa matope usoni, sasa walimshangilia mmoja wao akiwa ndani ya motokaa. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, ikarudishwa mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha.

Laiti tungesimama hapa, tungekuwa tumesahau swali moja kubwa. Eropleni ya Seremai iliundwa Uingereza, Peugeot iliundwa Ufaransa, Volvo iliundwa Sweden. Je, mashine yetu wenyewe iko wapi?

Swali hilo liliwahi kujibiwa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde motokaa ya Kenya, hata kama itakuwa na sura mbaya na mwendo wa polepole. Wahandisi na mafundi wakafanya kazi, wakaunda motokaa tano za mfano zilizoitwa Nyayo Pioneer. Zilipojaribiwa zilifikia kilomita 120 kwa saa. Mwaka 1990 zikaonyeshwa kwa wananchi katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wengine walizicheka, maana walizilinganisha na motokaa za Japani. Lakini mtu akumbuke kwamba kilomita 120 kwa saa ni mwendo wa kutosha kutoka Nyeri kwenda Nairobi, kilomita zipatazo 150, kwa muda usiotimia saa mbili, lau barabara ingekuwa tupu. Motokaa hizo hazikushindwa na hewa wala na matope. Zilishindwa na fedha: mtaji wa kuzitengeneza kwa wingi haukupatikana, na kiwanda cha Nyayo hakikupata kuuza hata moja barabarani. Ni kama ile ndege ya Beryl: mafuta yalikuwamo, yaani akili na mikono ya mafundi, lakini njia ya kuyafikisha kwenye injini ilikuwa imeziba.

Kwa hiyo tusiidharau siku ya kupima mwendo katika uwanja wa ndege. Mtu aliyeunda nakala ya motokaa karakanani mwake, akaipeleka mbele ya saa isiyojua upendeleo, amefanya jambo la kiume na la kielimu. Pengine motokaa ya asili yafikia kilomita 250, na ya kwake imefikia 190. Hakuna haja ya kuona haya. Namba hiyo yamwambia ukweli: hapa umbo lashindana na hewa, hapa injini yakosa pumzi, hapa gia hazikupangwa vema. Atarudi karakanani akiwa na kazi ya kufanya. Mjinga huiona namba kuwa ni sifa au aibu. Mwerevu huiona kuwa ni somo.

Leo karibu na mji wa Nyeri kipo chuo kikuu kilichopewa jina la Dedan Kimathi, mtu aliyewindwa katika msitu ulio jirani. Kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2012, na humo vijana hufundishwa uhandisi wa mitambo. Mjukuu wa mtu aliyehitaji kibali kuvuka mto aweza sasa kukaa darasani akapiga hesabu ya nguvu za injini, kisha akaichonga sehemu yake kwa mashine. Si mbali na hapo, kwenye tambarare ya Nyaribo, upo uwanja mdogo wa ndege, na Mlima Kenya waonekana asubuhi kabla ya mawingu kuufunika.

Siku moja huenda kijana kama wewe akaileta hapo motokaa aliyoiunda mwenyewe, akaisimamisha mwanzoni mwa kilomita moja iliyonyoka, akangoja bendera. Sijui itafikia mwendo gani. Lakini kabla hajawasha injini, na ayakumbuke mambo matatu: barafu katika tundu la Vega Gull, spana mkononi mwa Joginder, na zile motokaa tano za Kasarani. Kisha na akanyage mafuta. Na saa itakapokwisha kusema, mkimbilie, umwulize si namba tu, bali pia atarekebisha nini kesho.